Maji Uliyomtumia Kamla

Chatsworth, Juni 1999

Babu,

Nimejifungia karakanani ili mteja asinikute nalia juu ya karatasi. Mwaka mmoja na miezi mitatu imepita tangu tukuage, na katika muda huo nimefanya jambo ambalo, ungekuwa hai, ungeninyang'anya tindo na kunionyesha mlango. Niliandika barua kwa jina lako. Nilimwandikia dada yako Kamla kwamba uko mzima na kwamba unakuja.

Sasa umejua. Niache nikueleze yalivyokuwa.

Kwanza, karakana bado ipo. Binti yako Sharda hakuiuza. Alikuja kutoka Westville wiki moja baada ya shughuli zako, akatazama mawe, akatazama koti lako pale kwenye msumari, akanikabidhi funguo. Wateja wengine waliingia wakamwona mwanamke mwenye mtandio na vumbi hadi kwenye kope, wakauliza, "Kaka yuko wapi?" nao wakaondoka. Baadhi yao wamerudi. Mtaani bado wanakuita Kaka. Unakumbuka nilivyokataa kukuita hivyo? Nilikuambia kwetu kaka ni ndugu yako mkubwa, si baba mdogo kama kwenu, na wewe una umri wa babu yangu. Ulicheka hadi ukakohoa. "Basi Babu," ukasema. "Hapana shida."

Siku hiyo nilikuwa nimekuja kuagiza jiwe la kaburi la mume wangu, Salim. Nilianza kukueleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikakwama. Nikajisemea kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, kwamba nimechoka. Ukainua kichwa. "Wewe toka Tanga? Ngamiani barabara ya ngapi?" Babu, miaka miwili nilikuwa Durban na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza barabara ya ngapi, kama tuulizanavyo mtaani kwetu. Nikalia kwenye kigoda chako. Wewe ukapika chai, ukanisimulia ulivyoshuka melini Tanga ukiwa na miaka kumi na tisa, ukasikia watu wanasema "Ngamiani," ukauliza maana yake, ukaambiwa ni mahali pa ngamia. Ukadhani umefika mji kama wa kwenu. Ulitembea siku nzima kuwatafuta hao ngamia.

Kisha ukaona nilivyoandika jina la Salim kwa herufi za Kiarabu kwenye karatasi ya kuagizia, kwa mwandiko niliofunzwa chuoni nikiwa mdogo. Ukasema wateja Waislamu wanakusumbua, mkono wako hauzijui herufi zile. Nikaanza kazi Jumatatu.

Huku tukichonga, ulinijengea Jaisalmer, mji wenu kule India. Sijui neno jingine la kusema. Mimi nilikuwa napiga tindo na wewe unanipandisha kilimani, lango la kwanza, la pili, la tatu, la nne. "Ile mji yote iko jiwe moja, rangi moja," ulikuwa ukisema. Jiwe la manjano, ambalo jua likiinama linakuwa kama samli. Ukuta wenye buruji tisini na tisa, ile minara minene ya kuzuia adui, na juu yake mawe ya mviringo yaliyopangwa tayari kuporomoshwa. Mfalme aliyeujenga zaidi ya miaka mia nane iliyopita aliupa jina lake mwenyewe. Misafara ya ngamia ikapita hapo na hariri na viungo, wafanyabiashara wakatajirika, wakajenga majumba ambayo madirisha yake yamechongwa hadi jiwe likawa kama lesi ya kitambaa. Bandari ya Bombay ikaiua biashara ya ngamia. Baadaye mpaka na Pakistani ukafungwa, na mji ukabaki mwisho wa njia. Lakini watu hawakutoka. Ulisisitiza hilo kila mara. Ngome nyingine ni za watalii na popo, lakini yenu watu wanalala ndani yake, wanapika, wanagombana, wanazaa.

Nilipokuuliza kwa nini basi hurudi, ulisema ni karatasi. Ulikuja Durban kutoka Tanga kwa kibali cha kujenga hekalu, ukabaki, ukaoa, na serikali ya Makaburu ilikuwa haielewani na India. Ukitoka huingii tena. Nilikuamini. Halafu Makaburu wakaondoka madarakani, milango ikafunguliwa. Sharda akakuletea fomu ya pasipoti. Ukaiweka chini ya kopo la gundi, ikakaa hapo mpaka ikashika madoa. Sikuuliza tena. Nilidhani ni uzee, au unaogopa ndege.

Barua ya Kamla ilifika Mei, miezi miwili baada yako. Sharda hajui kusoma Kihindi. Aliniambia niitupe sandukuni pamoja na vitu vyako vingine. Mimi nikapanda taxi hadi Westville, kwa mwalimu mmoja wa Kihindi wa chuo kikuu, akanisomea. Kamla aliandika kwamba ufa wa chumba cha nyuma sasa unaingia kiganja kizima. Wahandisi walikuwa wamekuja, wakawaambia watu wa upande ule wahame kabla ya mvua za Julai. Yeye amewajibu kwamba kaka yake ni fundi mawe, atakuja kuutazama mwenyewe. "Niambie," aliandika. "Nihame au nikungoje?"

Mwalimu akauliza, "Mzee mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema, "Mkono unamuuma, hawezi kuandika. Amenituma nikuambie ujibu."

Sijui ulitoka wapi uongo ule. Nilikuwa sijaupanga. Ulitoka mdomoni kama kikohozi. Mwalimu akachukua kalamu, akangoja, na mimi nikaanza kusema maneno yako, kwa namna yako, na Babu, kwa dakika chache zile ulikuwepo. Nilikusikia. Nilisema, "Mimi mzima. Hapana haraka. Ningoje, nakuja baada ya mvua." Nilirudi Chatsworth nikiwa mwepesi, naona haya kusema, lakini nilikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Alijibu kwa furaha. Nikaandika tena. Safari hii nilimkumbusha ule mchezo wenu wa kuhesabu buruji na kugombania ya tisini na tisa, ulionisimulia siku ile ya jiwe la mtoto wa mwokaji mikate. Nilijisifu moyoni kwamba nakujua vizuri kiasi hicho.

Halafu Septemba ikaja barua ya Kiingereza, ambayo sikuhitaji mwalimu kuisoma. Ilikuwa ya Mahendra, mjukuu wa Kamla, yule anayetembeza wageni. Ilikuwa fupi. Mvua zimenyesha kuliko kawaida. Ukuta wa nyuma umesogea. Bibi anakataa kutoka kwa sababu kaka yake amemwandikia amngoje. "Mheshimiwa, ama uje, ama umwambie ahame. Nakuomba."

Nilifunga karakana saa nne asubuhi, nikaenda kwa Sharda. Alikuwa anajiandaa kwenda hospitali kazini. Nilimwambia yote nimesimama, hapo kwenye ngazi zake. Hakupiga kelele. Unamjua binti yako. Alitazama gari lake, akasema, "Wewe ndiye uliyeandika. Wewe ndiye utakayekwenda." Siku hiyohiyo alimpelekea Mahendra simu ya maandishi: mtoe bibi yako nje ya nyumba, mtu anakuja. Hakutaja kifo. Alisema hilo si la kutumwa kwa waya. Viza yangu ikachukua miezi. Nikaondoka Januari.

Treni kutoka Jodhpur iliingia asubuhi. Niliiona ngome kwa mbali kabla sijajua kwamba ninachokiona ndicho hicho. Jangwa tambarare, vichaka vya miiba, halafu kilima kimoja kilichoota ukuta. Nilishika mdomo. Hukuzidisha hata neno, Babu. Kama ulikosea ni kwa kupunguza.

Mahendra alinipokea stesheni. Ni mwanaume wa miaka kama thelathini, mwembamba, na ana macho yako. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Jeraha lilikuwa bado jekundu. Aliona ninavyoutazama.

"Ukuta ulisogea," alisema. "Bibi alikuwa ndani. Nilikuwa naweka magogo ya kuuegemeza, jiwe likashuka."

Akabeba mkoba wangu. Njia nzima ya kupanda alinieleza mambo kama anavyowaeleza watalii, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mdomo wake. Hapa ndipo njia inapojikunja ili tembo wa adui wasipate mbio za kugonga lango. Hapa ndipo wanawake walipojitupa motoni wasitekwe, wakati majeshi ya Delhi yalipouzingira mji hadi chakula kikaisha. Nilisimama hapo. Wewe hukuwahi kunisimulia hilo. Tukapita uwanja mbele ya jumba la mfalme, wageni wanapiga picha, wauza mablanketi wanawaita. Tukapita mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya huko, na kwa muda mfupi nikasahau kilichonileta, maana nguzo zile, Babu, wacheza ngoma wale waliochongwa wakiinua mguu! Nilitaka kugusa kila kona nione tindo imepita upande gani. Mahendra akaniacha. Kisha akanipeleka mahali ambapo hawapeleki watalii, chini ya ukuta, upande wa nje, akanionyesha doa la unyevu lililopanda juu kuliko urefu wangu. Niliweka kidole. Jiwe lilimomonyoka kama biskuti iliyochovywa chai.

Alinieleza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Chini ya mawe kuna udongo. Zamani maji yalibebwa kichwani kutoka ziwa la Gadisar, na hakuna aliyemwaga hata kikombe. Sasa kila nyumba ina bomba, nyumba za wageni zina mabafu, na mifereji inavuja ndani ya kilima. Udongo unavimba, kuta zinafunguka.

Kamla hakuwa ametoka nje ya nyumba. Alikuwa amekubali kuhamia chumba cha mbele tu. Ni mdogo kama mtoto wa darasa la tano, na macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli basi; barua zake alimwandikisha jirani. Aliposikia hatua zetu alisimama, akajipanga ushungi. Aliuliza kitu. Mahendra akautua mkoba wangu. Kamla akauliza tena.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza kama bado yuko chini. Kama amechoka kupanda."

Alidhani uko nyuma yangu. Miezi yote ile, tangu ile simu ya "mtu anakuja," alikuwa akidhani mtu huyo ni wewe.

Mahendra alinitazama. "Sema mwenyewe," akasema. "Mimi nitatafsiri, lakini sema wewe."

Nikamshika mikono. Alianza kuipapasa viganjani, pale penye sugu, akatabasamu, akasema neno ambalo Mahendra alilitafsiri kama "fundi." Na katikati ya tabasamu lile ndipo nikamwambia. Nilisema umekufa. Akauliza lini. Nikasema Machi, mwaka uliopita. Niliona vidole vyake vikihesabu miezi juu ya goti.

"Basi nani aliyeniambia ningoje?"

"Mimi, Bibi."

Aliiondoa mikono yake kwenye yangu. Alielekeza kichwa upande aliko Mahendra, na najua alikuwa anawaza ule mkono. Kisha akaingia jikoni na kufunga mlango.

Siku mbili hakusema nami. Nililala kwa jirani yake, mjane mwenye vyumba vya wageni. Mchana nilizunguka mjini peke yangu kama mtu aliyefukuzwa. Nilishuka hadi Gadisar, nikakaa kwenye ngazi za mawe, nikatazama vibanda vyenye kuba vilivyosimama ndani ya maji. Watalii walikuwa wanapanga safari ya ngamia kwenda kwenye matuta ya mchanga jioni ile. Mwenye ngamia mmoja akaniita, nikatikisa kichwa. Sikustahili kufurahi.

Siku ya tatu Mahendra alikuja kuniita. Kamla alikuwa ameketi bafuni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya bomba la shaba. Akaniambia nikae chini.

Alinisimulia jambo ambalo wewe ulilificha miaka yote. Alikuwa ndio kwanza ameolewa, na kila asubuhi na kila jioni alishuka Gadisar na mtungi, kisha kupanda malango manne. Alikuwa na mimba ya miezi saba alipoteleza kwenye lango la tatu. Mtoto hakuishi. Habari zikakufikia Durban, na wewe ukatuma fedha kupitia ndugu yako aliyebaki Tanga, na agizo moja, kwamba Kamla asibebe maji tena maisha yake yote. Bomba lako lilikuwa la kwanza katika uchochoro ule. Alisema siku ya kwanza alilifungua akasimama akilia hadi mama yenu akamwambia anamaliza maji. Majirani wakaona, nao wakataka.

Miaka ikapita, ufa wa kwanza ukatokea, papo hapo nyuma ya bomba. Akakuandikia, kwa sababu wewe ni fundi. Wewe ukajibu maneno mawili tu: "Funga bomba."

"Mimi nikakataa," Kamla alisema. "Nilimwambia zawadi ya kaka yangu haifungwi. Tangu hapo hakuandika tena kwamba atarudi."

Nilikumbuka ile fomu ya pasipoti. Babu, kwa nini hukuniambia? Tulikaa miaka mitano tukitazamana juu ya mawe ya wafu wa watu. Ungeniambia. Nisingekuwa na la kujibu, lakini ungeniambia.

Kamla akasema, "Alidhani namlaumu. Sikumlaumu hata siku moja." Nikamwomba Mahendra arudie, nisije nikakosea. Kamla mwenyewe akayarudia, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Ndipo akauliza ulikufa ukiwa na nani. Na mimi, niliyekwisha kumdanganya mara mbili, sikuweza mara ya tatu. Nilimwambia ulikuwa peke yako. Kwamba taxi ilichelewa, na nilipofika redio ilikuwa inaimba, wewe umeegemea jiwe ambalo hujalianza. Kwamba sijui kama uliita. Aliligusa lile bomba la shaba.

"Wewe ni mwanafunzi wake," akasema mwishowe. "Funga wewe."

Mahendra akaleta spana. Kamla alijaza kikombe kimoja, akanywa nusu, nusu akanipa mimi. Nikafunga maji kwenye njia kuu, nikakata bomba, nikatia kizibo. Mfereji wa kutolea maji nikauziba kwa chokaa na vipande vya mawe, kama ulivyonifundisha, tabaka juu ya tabaka. Mahendra alinishikia ndoo kwa mkono wenye vidole vitatu. Tulifanya kazi hadi mchana. Nilimwomba msamaha nikiwa nimempa mgongo, maana sikuweza kumtazama. Alisema, "Bado." Nadhani ni jibu la haki.

Kesho yake tulimteremsha Kamla. Alitaka kutembea mwenyewe. Kwenye lango la tatu alisimama kidogo, mkono ukutani, kisha akaendelea. Sasa anaishi kwa Mahendra, mjini chini, katika nyumba mpya isiyo na dirisha hata moja lililochongwa. Analalamika kuhusu kelele za pikipiki.

Sina habari njema ya kukufungia nayo. Kufunga bomba moja hakukaushi kilima. Mabomba ya jirani bado yanatiririka, nyumba za wageni zinaongezwa, na Mahendra ameandika mwezi huu kwamba ukuta wa nyuma umeinama zaidi. Mvua zitaanza wiki chache zijazo. Nyumba yenu ikianguka, itaanguka tupu. Hilo tu ndilo nililoweza.

Nilipomweleza Sharda habari za bomba, aliweka kikombe chini akasema, "Kumbe hakuogopa ndege." Kisha akaniomba nimfundishe kuandika jina la shangazi yake. Hakujua kwamba hata mimi silijui kwa herufi za Kihindi. Tunajifunza pamoja, Jumamosi, kwa yule mwalimu. Naye nimeshamwambia ukweli. Hakufurahi.

Nakuahidi hivi, Babu. Nitamwandikia Kamla kila mwezi kwa jina langu, mimi Rehema, na nitamwambia mambo kama yalivyo hata yakiwa mabaya. Mahendra nitamngoja hadi lile "bado" lake liishe, na lisipoisha nitaishi nalo. Na maneno yako sitayasema tena kwa mdomo wangu, hata siku nitakapokukumbuka sana.

Pumzika sasa. Kamla hakungoji tena.

Rehema